Kifaa Kisichojulikana

Ndugu msomaji, hebu fikiri umeamka asubuhi, umefungua duka la mjomba wako, umewasha kompyuta, umechomeka waya uleule uliouchomeka jana na juzi na mwaka mzima uliopita, halafu kompyuta inakutolea macho na kukuambia kwamba waya huo haiujui. Haiujui! Jana tu walikuwa wakizungumza kama mtu na shemeji yake. Ndivyo yalivyonikuta mimi mjini Handeni, asubuhi ya Jumatatu moja ya mwezi Juni 2024. Kama si kasheshe iliyofuata, hapana shaka nisingeandika makala haya. Ningekuwa bado nahangaika na ile riwaya yangu ambayo mhariri wa jarida hili ameshachoka kuisikia ikitajwa.

Duka lenyewe liko Chanika, si mbali na stendi. Ukiingia utakuta fotokopi, picha za pasipoti, barua za kuombea kazi, na nyuma ya pazia kuna meza ya mjomba ya kutengenezea ving'amuzi vya zamani. Ving'amuzi vile vina tundu la pini tisa mgongoni. Programu yake ikiharibika, unaunganisha king'amuzi na kompyuta na kukimiminia programu mpya. Tatizo ni kwamba kompyuta za siku hizi hazina tena tundu la pini tisa, zina USB tu. Kwa hiyo unahitaji waya wa kutafsiri, upande mmoja USB na upande wa pili pini tisa, na katikati yake, ndani ya plastiki, mna chipu ndogo kuliko punje ya mhindi inayofanya kazi ya ukalimani. Waya wetu ulikuwa wa buluu, wa Kariakoo, na haukuwa na jina lolote.

Jumapili usiku nilibaki dukani nikiandika sura ya saba. Saa tano hivi, nilipotaka kuzima, kompyuta ikaniambia nisiizime kwani inajihuisha. Nikasubiri. Ikajizima, ikajiwasha, ikahesabu asilimia, ikajizima tena. Nikafunga duka nikaenda kulala zangu. Asubuhi mjomba akachomeka waya, na kwenye kioo yakatoka maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni haya: kifaa kisichojulikana.

Mezani kulikuwa na king'amuzi cha mteja wa Kabuku, ameshalipa nusu.

"Jana usiku nani alikuwa na mashine?" mjomba akauliza, hata shikamoo yangu hajaitikia.

"Ni mimi, Mjomba."

"Ulifanya nini?"

"Niliandika tu. Halafu ikajihuisha yenyewe."

"Yenyewe! Kompyuta ina miguu?" Akautupa waya mezani. "Huu waya elfu ishirini na tano. Utatoka kwenye posho yako. Na kuanzia leo mashine inafungwa magharibi. Hiyo riwaya yako ikakununulie kompyuta."

Basi msomaji, mwenye kuelewa ataelewa. Elfu ishirini na tano ningelipa, hata kwa kujikongoja. Lakini kufungiwa mashine usiku kulikuwa ni kuuawa kwa sura ya nane kabla haijazaliwa, maana mchana wateja hawamwachi mtu aandike hata sentensi mbili. Nikaona lazima nithibitishe kwamba waya sikuuharibu mimi. Na kwa kuwa darasani somo pekee nililolipenda lilikuwa Historia, nikaanzia huko. Nilitaka kujua kompyuta ilianza lini kuuliza vifaa "wewe ni nani?"

Hapo mwanzo haikuuliza. Kompyuta ya mezani ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilijua tu kile ulichoiambia. Ukinunua kadi ya sauti au ya modemu, ulifungua bodi, ukahamisha vipande vidogo vya chuma kwenye kadi ile kwa ncha ya bisibisi ili kuipa namba yake ya kuitia mashine, na namba zile zilikuwa chache. Baada ya mwaka 1984 zilikuwa 16 tu, na nyingi tayari zilikuwa zimeshachukuliwa na kibodi, saa, diski na kadhalika. Vifaa viwili vikipewa namba moja, vilikwidana mashati na mashine nzima ikaganda. Fundi wa enzi zile alikuwa kama mwenye nyumba ya kupanga, kazi yake kubwa ilikuwa kusuluhisha wapangaji.

Kwetu Tanzania mafundi wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabu. Kompyuta ya kwanza serikalini ilifungwa Hazina mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipokwenda kombo kwenye mashine hizo, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Nilipomsimulia rafiki yangu habari hii alicheka akasema ndiyo maana wataalamu wa lugha waliwahi kuibuni "ngamizi" kuwa jina la kompyuta: ukilisoma haraka unasikia kuangamiza. Neno lenyewe halikushika. Mtaani watu wamebaki na kompyuta, na wale wenye shahada wanasema tarakilishi.

Mwaka 1995, Windows 95 ilikuja na ahadi mpya: chomeka tu, utumie. Mashine yenyewe ingekitambua kifaa na kukipa nafasi. Ahadi ilikuwa tamu, utekelezaji ukawa wa kusuasua, hata watumiaji wakaigeuza ahadi ile ikawa "chomeka na usali". Januari 1996 yakatoka masharti ya kwanza ya USB, aina moja ya tundu kwa ajili ya kila kitu, kazi ambayo kampuni ya Intel na wenzake waliifanya pamoja. Na hapa pana kisa ambacho kila fundi aliyekata tamaa anapaswa kukijua. Tarehe 20 Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani kuonyesha Windows 98 kabla haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana ya USB mbele ya umati ili watu waone jinsi mashine inavyoitambua yenyewe. Kioo kikageuka buluu, mashine ikafa palepale. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na Gates akafanya utani kwamba bila shaka ndiyo maana walikuwa bado hawajaanza kuiuza. Mimi nilipousoma mkasa huu, kwa bando la shilingi elfu moja, usiku, chini ya shuka, nilijisikia nafuu ya ajabu. Hata mwenye mali ilimkuta.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo palipo na ufumbuzi.

Kifaa cha USB kinapochomekwa kinafanya lile tunalolifanya sote mlangoni kwa watu: kinapiga hodi. Kinavuta waya mmoja wa mawasiliano juu kidogo kwa umeme, na mashine inajua mlangoni kuna mtu. Mashine inauliza, nani? Kifaa kinatakiwa kujibu kwa maelezo mafupi mno, baiti 18 tu. Humo ndani mna namba mbili muhimu. Ya kwanza ni namba ya ukoo, yaani kampuni iliyokitengeneza, ambayo hutolewa kwa malipo na chama cha watengenezaji wa USB. Ya pili ni namba ya kifaa chenyewe, ambayo kampuni inajipangia. Kila moja ina tarakimu nne, zinazochanganya namba na herufi kuanzia A hadi F. Mashine inakipa mgeni anwani, kuanzia 1 hadi 127, halafu inakwenda kwenye daftari lake kutafuta draiva, yaani programu inayojua lugha ya mgeni yule. Ikiipata, mambo mswano. Isipoipata, mgeni anaachwa barazani.

Kwa hiyo neno "kisichojulikana" linaficha misiba miwili isiyofanana hata kidogo. Yupo aliyeulizwa "nani?" akakaa kimya, ama akabwabwaja. Huyo aghalabu ana ugonjwa wa mwili: waya umekatika ndani, tundu limelegea, umeme hautoshi, chipu imeungua. Katika Windows mara nyingi utamkuta na namba ya kosa 43. Na yupo aliyejibu vizuri kabisa, ukoo wake akautaja na jina akalitaja, ila mwenye nyumba hana daftari lenye jina hilo. Huyo namba yake ni 28. Wa kwanza unampeleka kwa fundi wa kuchomea risasi. Wa pili ni mzima wa afya, na ukimtupa umetupa mtu mzima.

Jumanne mchana, mjomba alipokwenda kuswali, nilifungua orodha ya vifaa ndani ya kompyuta. Nikaukuta waya wetu una alama ya njano ya mshangao. Nikaingia kwenye sifa zake: 28. Nikaingia ndani zaidi, kwenye utambulisho, na namba zote mbili za tarakimu nne zilikuwepo. Ulikuwa unajibu! Nikajaribu tundu la pili na la tatu, ukajibu vilevile. Nikazinakili namba zile nyuma ya risiti.

Nilipomweleza mjomba alinitazama kama mtu anayesomewa gazeti la juzi. "Unaniambia waya ni mzima na kompyuta ni nzima, halafu kazi haiendi. Sasa mgonjwa nani, mimi?"

Kwa kweli swali lilikuwa la haki. Ushahidi uliohitajika ulikuwa kompyuta nyingine, ya zamani, ambayo haikujihuisha. Handeni nzima niliyoijua mimi haikuwa nayo. Jumatano nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Korogwe.

Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni kilomita kama 65 za lami, na wazee wanaikumbuka ilipokuwa vumbi tupu la kumbadilisha mtu rangi. Kule Manundu nilielekezwa kwa mzee mmoja fundi wa redio. Jina lake silitaji kwa sababu hakuniruhusu. Ujanani alifanya kazi katika karakana ya shamba la mkonge, akitengeneza mota za mashine za kusindika katani, na alipostaafu akahamia kwenye redio, kisha televisheni, kisha hivi vidude vyetu. Kwenye kona ya kibanda chake palikuwa na kompyuta ya mezani yenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Haikuwahi kuunganishwa na intaneti hata siku moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mgonjwa?"

Nikamkabidhi waya. Akauchomeka. Tukasikia ule mlio wa mashine kukubali, tii-ting, na waya ukatokea kwenye orodha kwa jina lake kamili, bila alama ya njano.

"Waya wako mzima," akasema, kama vile ni jambo dogo. Mimi machozi yalinilengalenga, nikajifanya naangalia ukutani.

Akaniuliza namba. Nikamwonyesha risiti. Akaisoma namba ya ukoo kwa sauti, kisha akacheka peke yake. "Manamba," akasema. "Kumbe na ninyi vijana mna manamba wenu."

Msomaji wa mjini pengine neno hili unalifahamu kwa wapiga debe tu wa Kenya. Huku kwetu lina kaburi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche yote aliyoisafirisha iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli kama siafu wanavyofuata njia. Watu wa hapa, Wazigua, Wabondei na Wasambaa, wengi hawakuitaka kazi ile ya miiba na ngwe, walikuwa na mashamba yao. Basi wafanyakazi wakatafutwa mbali, Kigoma, kusini, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wote wakaitwa manamba. Mkononi alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Akimaliza ngwe ya siku, kadi inatiwa alama. Asipoimaliza, siku ile haikuwepo. Mshahara ulitoka kadi ikijaa.

"Baba yangu alikuja kwa namba," mzee akaniambia huku akipekua sanduku la CD. "Pale ofisini hakuna aliyemjua jina. Siku moja karani akabadilishwa, akaja mwingine na daftari jipya, namba ya baba haimo. Amefanya kazi siku ishirini na sita, anaambiwa hajulikani." Akaipata CD aliyokuwa akiitafuta, akaipuliza vumbi. "Mashine yako ni ya biti 32 au 64?"

Nilisema 64, na ilinichukua muda kujibu maana akili yangu ilikuwa bado kwenye zile siku ishirini na sita. Nikamwuliza kama baba yake alilipwa. Akasema alianza kadi upya.

Hapa nitoe tahadhari, mtu si kifaa, na mimi sitaki kucheza na mateso ya wazee kwa ajili ya waya wa Kariakoo. Lakini kilichoniduwaza ni kwamba aliyeyafananisha ni mzee mwenyewe, mtoto wa manamba, na wala hakuyaona mambo hayo kuwa mbalimbali. Kwake daftari ni daftari.

Maelezo ya ugonjwa wetu yalikuwa haya. Kompyuta ya mjomba ilipojihuisha haikurekebisha makosa madogo tu, ilihamia toleo jipya zima. Katika kuhama iliziacha draiva kadhaa za zamani, na miongoni mwao ilikuwemo ya chipu yetu, ambayo mtengenezaji alishaacha kuihudumia. Karani mpya, daftari jipya. Waya haukufanya kosa lolote, mimi sikufanya kosa lolote, na kwa kusema kweli hata kompyuta haikudanganya, kwani ilisema tu haijui.

Yako mabaya zaidi yaliyowahi kutokea. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti, watengenezaji wa chipu za kutafsiri kama ya kwetu, walichoshwa na wanaobandika jina lao juu ya chipu za bandia. Wakatoa draiva mpya, ikasambazwa kwa watu kupitia mfumo wa Windows wa kujihuisha, kimyakimya. Draiva ile ilipokutana na chipu bandia iliiandika upya namba yake ya kifaa ikawa 0000. Yaani ilimfuta mtu jina! Tangu hapo, hata ukikipeleka kifaa kwenye kompyuta nyingine, kikiulizwa "nani?" kinajibu sifuri. Oktoba ya mwaka huo mafundi wa dunia nzima walipiga kelele, na draiva ikaondolewa kwenye mfumo ule. Mwaka 2016 kampuni ileile ilirudi kwa njia nyingine: draiva mpya, badala ya kuiua chipu bandia, ilipitisha katika mawasiliano yake maneno ya kutangaza kuwa kifaa si halisi.

Mimi nasema wenye kampuni walikuwa na haki kamili ya kulalamika, maana kuibiwa jina ni kuibiwa. Ila aliyeadhibiwa hakuwa mwizi. Aliyeadhibiwa ni fundi wa Manundu au wa Manila aliyenunua waya kwa bei aliyoimudu, pasipo njia yoyote ya kuona ndani ya plastiki. Kwa bahati, kwa mgonjwa wetu ugonjwa haukuwa huu. Ungekuwa huu, kompyuta ya mzee nayo ingeukana.

Na sisi Watanzania tusijifanye hatujawahi kuyaona. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Kila simu ina namba yake ya IMEI, tarakimu 15, na waliokuwa na shaka walishauriwa mapema kubonyeza *#06# na kuituma namba hiyo kwenda 15090. Mama yangu hakutuma. Aliyemwuzia, machinga wa maneno matamu, alimwapia kuwa simu ni halisi. Asubuhi ya tarehe 17 akainuka kumpigia shangazi, simu imekaa kimya na mtandao hauonekani. Nilikuwa mdogo bado, nakumbuka aliitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai viza. Sasa naelewa kwamba simu ile ilikuwa inajibu, ila jina ililolitaja halikuwemo kitabuni.

Nikiwa kwenye basi la kurudi Handeni, CD ya mzee imeshahamishiwa kwenye fleshi yangu, nilikumbuka kisa ambacho mimi kama mwana Handeni niliona aibu kwa kutokikumbuka mapema. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua. Watu wengi walichukuliwa kwa ahadi za uongo na kuuzwa utumwani pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakaenda kujenga vijiji vyao katika bonde la mto Juba, na wanasimulia kwamba aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanakhucha. Huko walikaa kizazi hadi kizazi. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 walitawanyika, na wengine wakashika njia ya kusini hadi Tanga. Wakapokelewa kama wakimbizi katika kambi ya Mkuyu, hapahapa Handeni, na baadaye katika makazi ya Chogo.

Kwenye makaratasi walikuwa Wasomali. Lakini walipofungua midomo, wazee wa Handeni walisikia Kizigua! Cha kale kidogo, chenye maneno ambayo huku yameshasahaulika, lakini Kizigua. Zaidi ya miaka 150 mbali, daftari limebadilishwa na Wajerumani, na Waingereza, na Uhuru, na bado jibu la "nani?" lilikuwa lilelile. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba watu walikaa chini wakaulizana koo. Wengi wao baadaye waliomba uraia wa Tanzania wakaupata, nao karani wa serikali akawaandika. Ila bibi alisisitiza kwamba aliyewatambua kwanza hakuwa karani.

Nilifika dukani saa kumi na moja jioni. Mjomba alikuwa bado hajafunga, yule mteja wa Kabuku ameshapiga simu mara tatu. Nikachomeka fleshi. Kompyuta ilitaka kutafuta draiva yenyewe, nikaikataa, nikachagua njia ya kumwonyesha mimi mwenyewe mahali ilipo, nikamwelekeza kwenye folda ya mzee. Ikasita. Ikaonya kwamba draiva hii ni ya zamani. Nikakubali uzamani wake. Tii-ting! Alama ya njano ikatoweka.

Mjomba akaunganisha king'amuzi bila kusema neno. Mstari wa asilimia ukaanza kutembea, 3, 7, 12. Ulipofika 40 hivi akasema, "Sasa hii tabia ya kujihuisha tuizime kabisa."

"Hapana, Mjomba. Tuzuie zile za draiva peke yake." Nikamweleza habari za Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga kompyuta za watu dunia nzima na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikakwama, ilhali tiba ilikuwa imeshatolewa tangu Machi ya mwaka ule. Walioumia ni wale ambao hawakujihuisha. Kwa hiyo daftari jipya lazima liingie, ila usikubali karani mpya alichome la zamani.

Mjomba akanitazama. "Haya yote umeyapata wapi?"

"Korogwe, Mjomba. Na kwenye simu."

"Mnh." Akarudi kwenye asilimia zake.

Ya elfu ishirini na tano hayakutajwa tena, wala hakuniomba radhi, na sikuitarajia, mjomba ni mjomba. Saa mbili usiku alipokuwa akiondoka aliutupa ufunguo wa duka juu ya kibodi, akasema nisisahau kuzima taa ya nje. Nikakata kipande cha plasta nyeupe, nikakibandika juu ya waya wa buluu, nikaandika kwa kalamu ya wino mwekundu zile namba mbili za tarakimu nne, na chini yake nikaandika mahali draiva ilipohifadhiwa, ili atakayekuja dukani baada yangu asipate tabu. Halafu nikafungua sura ya nane.